Kibanja Kilichosubiri Jibu

"Hicho kitu unachokiandikia," mama aliniuliza, "kisipojua jibu, kinanyamaza?"

Tulikuwa jikoni. Yeye alikuwa anamenya ndizi, mimi nimeweka kompyuta juu ya gunia la kahawa kwa sababu hapo karibu na mlango ndipo mtandao ulipokuwa unashika. Nilimwambia inategemea mipangilio. Akanitazama vile alivyokuwa akinitazama utotoni niliposema nimenawa mikono kumbe sijanawa, kisha akarudi kwenye ndizi zake.

"Hilo nalo ni jibu?" alisema.

Nilikuwa nimeajiriwa na kampuni ndogo ya Dar es Salaam, nikifanya kazi kutoka nyumbani kwetu upande wa Isingiro. Kazi yenyewe ilinichosha kuieleza, na kila aliyeniuliza nilimweleza kwa namna tofauti. Popote penye maandishi mengi hutunzwa faharasa, kama ile iliyo nyuma ya kitabu, ili anayetafuta aletewe ukurasa bila kila kitu kusomwa upya. Faharasa hiyo ina mipangilio yake: itafute katika sehemu gani ya ukurasa, maneno gani iyaruke, kipi kitangulie kuletwa na kipi kifuate. Zamani mtu ndiye aliyekaa akairekebisha. Kampuni yetu ilitengeneza chombo cha kuwawezesha mawakala wa akili mnemba waifanye kazi hiyo, yaani programu unazoziagiza kwa maneno ya kawaida, nazo zinakwenda kutenda zenyewe. Lakini wakala hawezi kutumia chombo asichoelezwa. Mtu alipaswa kumwandikia kila mpangilio unafanya nini, na ukiugusa kitatokea nini. Mtu huyo nilikuwa mimi. Nilikuwa nimesoma chuo kikuu miaka mitatu nijifunze kuandikia watu, na kazi ya kwanza niliyopata ilikuwa ya kumwandikia msomaji asiye mtu.

Nilikuwa nyumbani kwa sababu ya baba. Aliugua muda mrefu, akalazwa, akafa. Nilikuja kuzika, nikabaki, maana mama alikuwa peke yake na mimi ndiye mtoto pekee. Baba hakuacha mtoto wa kiume. Nalisema hili mapema kwa kuwa yote yaliyofuata yalisimama juu yake, ingawa wakati ule nilikataa kulikubali.

Alizikwa kibanjani, kwenye shamba la migomba linalozunguka nyumba, kama wote wa kwao. Baba mkubwa, kaka yake, alikuja kutoka Bugomora na watu wake, na ndiye aliyechagua mahali, akakata mwenyewe, kwa panga alilokuja nalo, migomba iliyosimama pale ili kaburi lipate nafasi. Majirani walileta mikungu. Vijana wakakata majani ya kukalia na ya kufunikia chakula. Siku zile kisu kilizunguka kibanja kizima, na hakuna aliyeona ubaya, kwa sababu hivyo ndivyo msiba unavyoendeshwa kwetu. Nyumba ya msiba haiwezi kulisha watu bila kukatwa.

Kwa ukoo wa baba kuna jambo jingine. Mtu akifa, jembe haliingii kwenye kibanja chake mpaka msiba uanuliwe, na siku ya kuanua hutangazwa na mkubwa wa ukoo. Huruhusiwi kupalilia wala kupanda. Kung'oa ndiyo kabisa. Mjane anayeng'oa mgomba wa marehemu kabla ya siku hiyo huhesabiwa kwamba amefunga nyumba mwenyewe, hivyo wenye nyumba wachukue chao. Nilipokuwa mdogo niliuliza nani aliyeiweka sheria hiyo, nikaambiwa nyamaza. Nilipouliza tena siku ya tatu ya kilio, nikiwa na shahada, niliambiwa vilevile.

Shina la kwanza kuugua lilikuwa jirani na kaburi. Jani la katikati liligeuka njano, likalala kama limemwagiwa maji ya moto. Mama alikata ndizi moja kutoka kwenye mkungu wake, na ndani ilikuwa ya kahawia. Alikwenda akakaa kwenye ngazi za nyumba.

Kagera nzima wanaujua huo ugonjwa. Wanauita unyanjano. Hauna dawa ya kunyunyiza. Unachoweza kufanya ni kung'oa shina zima na machipukizi yake, kulikatakata, kulifukia, na kupitisha visu kwenye moto kabla ya kugusa shina lingine. Ukifanya hivyo mapema unapoteza mashina machache. Ukisubiri, unapoteza kibanja. Nyumbani kwetu kibanja ndicho chakula, na ndicho kinachoonyesha kwamba hapa pana mtu. Mama alitoka Kanoni kuja kuolewa Isingiro. Bila migomba ile, angebaki mgeni kwenye ardhi ya watu.

"Tung'oe leo," nilimwambia. "Mimi na wewe."

"Wewe utarudi Dar. Mimi nitabaki na hawa."

"Sheria ya nchi iko upande wako, mama. Mjane ana haki."

"Hiyo sheria itakuja kukaa na mimi jioni?"

Alitaka ruhusa ya baba mkubwa, ambaye sasa ndiye mkubwa wa ukoo. Alimpigia simu, naye akaja Jumapili baada ya ibada, amevaa koti lake la kijivu. Tulimsalimia, shikamoo, akaitikia bila haraka. Tukamketisha uani. Nilipendekeza twende tukalione shina. Alisema ameliona kwa mbali, inatosha.

"Ni jua hilo," alisema. "Migomba inahuzunika pia."

"Shemeji, ndani ndizi ni nyeusi," mama alisema.

"Ndizi ya msibani inakuwaje? Unataka iwe nyeupe?"

Nikaingilia. Nilimweleza ugonjwa unavyosambaa, wadudu kwenye ua la mgomba, visu vinavyotoka shamba hadi shamba. Nilimwonyesha picha kwenye simu. Alizitazama kwa subira, akanirudishia simu.

"Hizi za Uganda."

"Ugonjwa ni uleule, baba mkubwa."

"Mwanangu, wewe umesomea kompyuta, hukusomea migomba. Angalau ungesomea ng'ombe." Akacheka, na mama naye akacheka kidogo kwa heshima. "Mimi sikatai. Mtaalamu akisema ng'oa, tutang'oa, hata kesho, hata msiba haujaanuliwa. Lakini aseme mtaalamu. Sitaki ukoo useme nimemruhusu mwanamke avunje nyumba ya ndugu yangu kwa picha."

Bibi shamba wa kata alikuwa likizo ya uzazi. Wa kata ya jirani alikuwa na eneo lake la kumtosha, na kwenye simu alisema ng'oeni, lakini baba mkubwa alisema sauti ya simu haina uso. Ikabaki huduma moja ya ushauri wa kilimo ambayo watu wengi wa kwetu waliiamini, yeye akiwemo. Unaituma meseji, inatafuta kwenye kurasa zake na kukurudishia maelezo. Ndiyo iliyowaambia lini wanyunyizie kahawa dawa, na ikawa kweli. "Hiyo sawa," alisema. "Hiyo haina upande."

Mama aliandika mwenyewe. Hakutaka nimsaidie. Alikaa na simu yake ndogo magotini, akibonyeza herufi moja moja, na baba mkubwa akisubiri mbele yake na kikombe cha chai. Aliandika kwamba migomba inanyauka, majani yanageuka njano, shina liko karibu na kaburi, ang'oe au aache.

Jibu lilikuja kabla chai haijapoa. Mama alilisoma kwa sauti, kwa sababu ndivyo walivyokubaliana.

"Migomba. Chimba shimo lenye upana na kina cha kutosha. Changanya udongo wa juu na samadi iliyooza. Panda chipukizi lenye afya..."

Aliacha kusoma. Baba mkubwa aliweka kikombe chini.

"Endelea, shemeji."

"Ni ya kupanda tu."

"Si umesikia? Mtaalamu anasema panda. Wewe unataka kung'oa." Hakulisema kwa kejeli. Nilimwangalia usoni nikitafuta kejeli, sikuiona. Alionekana kama mtu aliyetuliwa mzigo, na nilidhani ni kwa sababu ameepuka ugomvi na ukoo.

Alipoondoka nilituma swali lilelile kwa maneno mengine. Nikataja ugonjwa kwa jina. Nikaletewa kupanda migomba tena. Nikauliza kwa namna nyingine nikaletewa mavuno ya kahawa. Hapo ndipo nilipoelewa, na kuelewa huko hakukuwa na faida yoyote. Ile huduma haikuwa na ukurasa hata mmoja wa unyanjano. Na faharasa yake ilikuwa imepangwa kutorudi mikono mitupu. Ukiiuliza jambo refu, ikakosa ukurasa wenye maneno yako yote, inaanza kuyaacha ya mwisho mojamoja na kutafuta upya, mpaka ipate chochote. Kwa swali la mama iliyaacha karibu yote. Ikaacha kung'oa, ikaacha kaburi, ikaacha njano, ikaacha kunyauka. Ikabaki migomba. Kuhusu migomba ilikuwa na ukurasa.

Niliijua hali hiyo kwa undani kwa sababu wiki ileile nilikuwa naandika maelezo ya mpangilio huohuo. Una namna mbili. Ya kwanza ni hiyo ya kuacha maneno. Ya pili inadai maneno yote yawepo, la sivyo iseme hakuna. Nilikuwa nimemwandikia wakala hivi: tumia namna ya pili pale ambapo jibu lisilohusika ni baya kuliko kukosa jibu. Niliipenda sentensi hiyo. Ndiyo pekee katika kazi ile yote niliyohisi nimeiandika mimi.

Kiongozi wetu wa timu alinipigia.

"Hii sentensi ya mwisho, itoe."

"Kwa nini?"

"Inashauri. Sisi tunaeleza, hatushauri."

"Sasa wakala atajuaje lini atumie ipi?"

"Ataamua mwenyewe."

"Kwa kutumia nini?"

"Dada yangu, wewe unauliza kama polisi."

Nikamwambia kuhusu kibanja. Nilijua ile huduma ilikuwa mteja wetu, faharasa yake ilikaa kwetu. Nilimwomba jambo dogo: amwagize wakala abadilishe mpangilio mmoja. Dakika moja tu. Nikasikia feni ya ofisini kwao.

"Pole sana kwa mama," alisema. "Kweli pole. Lakini ile ni mali ya mteja. Siku tukiingia kwenye mipangilio ya mteja ambaye hajaomba, kampuni hii tunaifunga."

Alikuwa sahihi. Nilitafuta mahali alipokosea, nikatafuta tena usiku na kesho yake, sikupaona, na bado sipaoni. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeandika, kurasa chache kabla ya sentensi ile, kwamba wakala asibadilishe chochote ambacho mwenye faharasa hakukiomba. Niliwaandikia wenye huduma. Nikajibiwa na mashine kwamba ujumbe wangu ni muhimu kwao.

Siku moja nilifanya jambo ambalo hata sasa sijui nilitaka nini nalo. Nilifungua faharasa yetu ya majaribio, nikaweka kurasa chache za kilimo zilizofanana na zao, zile za kupanda na za kahawa, nikamwagiza wakala aweke namna ya pili. Alisoma maelezo yangu, akatenda sawasawa. Nikaandika swali la mama, neno kwa neno. Kioo kikaandika: hakuna kilichopatikana.

Nilimwita mama akaja akifuta mikono kwenye kitenge. Alisoma, akasoma tena.

"Na hili nalo lingewezekana? Kuniambia hivi?"

"Lingewezekana."

"Mawe! Hilo lingenitosha," alisema, akimaka kwa lugha ya nyumbani. "Wangesema hawajui, ningemwambia shemeji hata wao hawajui, tusubiri bibi shamba, au tuamue sisi. Lakini kapewa neno la kushika mkononi."

Akatoka nje. Kutoka mlangoni nilimwona amesimama pembeni mwa kaburi, mikono nyuma, asiguse kitu. Hata kisu cha kukatia mboga aliacha kukipeleka kibanjani. Kulikuwa na kitu katika utii wake kilichonikasirisha kuliko baba mkubwa, na nilimwambia. Nilimwambia anaua kibanja kwa adabu. Alikuwa akiamka asubuhi na mapema kuhesabu kwa macho, na kila alipoingia ndani nilijua kama kuna shina jipya kwa jinsi alivyoweka chini ndoo.

Mvua zikaja, na ugonjwa ukatembea nazo. Ulitoka kaburini ukashuka bondeni, ukazunguka nyumba. Mikungu ilikuwa inaiva kabla ya wakati, njano ya kuvutia kabisa kwa nje. Watoto wa jirani waliichuma wakaitupa. Baba mkubwa alitangaza siku ya kuanua msiba, akaiahirisha kwa sababu ya kipaimara, akaiahirisha tena kwa sababu ya mvua. Mama alipompigia, alisema, "Vumilia, shemeji, kila kitu na utaratibu wake."

Bibi shamba alirudi likizo, akaja na mtoto mgongoni. Alitembea kibanja kizima. Mwishoni aliuliza lilianza wapi, mama akamwonyesha.

"Mngeng'oa hili la kwanza na yaliyolizunguka," alisema, kisha akaona uso wa mama, akaacha. Akaanza kumbembeleza mtoto ambaye hakuwa analia.

Msiba ulianuliwa. Ndugu walikuja, rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikanunuliwa kwingine kwa kuwa kwetu hapakuwa na ndizi za kukamua. Kuhani wa ukoo ni baba mkubwa mwenyewe, tukimwacha padri aliyesali asubuhi. Alimkabidhi mama jembe mbele ya watu, akasema sasa kibanja kimefunguliwa, kalime. Mama alilipokea kwa magoti. Mbele yake palikuwa na mashina yaliyooza, yamelala yakitoa maji ya manjano, harufu imejaa uani hadi wageni wakasogeza viti. Alipiga jembe mara moja ardhini, kama inavyotakiwa, watu wakapiga vigelegele. Sijawahi kusikia vigelegele vya aibu namna ile.

Tuling'oa wiki nzima, tukafukia. Kwa ugonjwa ule ardhi hupumzishwa, huwezi kupanda migomba upya mara moja. Baba mkubwa alikuja tena na koti lake. Alisema kibanja kisicho na migomba ni pori, na pori la ukoo halikai bure. Kulikuwa na wafugaji waliohitaji malisho, watu wazuri, wakristo. Mama angebaki na nyumba, bila shaka. Lakini nyumba iliyozungukwa na ng'ombe wa watu, bila mgomba wa kukata jioni, mtu anaishije humo? Nilitaja mahakama. Mama aliniomba nisitaje. Kaka yake alikuja na pikipiki ya magurudumu matatu, wakapakia kitanda, masufuria, godoro na picha ya baba, wakaenda Kanoni.

Yuko huko mpaka leo, katika chumba kilicho nyuma ya nyumba ya kaka yake. Kibanja cha huko ni kizuri sana. Asubuhi huomba ruhusa kwa wifi yake kabla ya kukata mkungu. Wifi humwambia, "Dada, unaniomba nini, kata tu," na kesho yake huomba tena. Kaburi la baba tulilizungushia seng'enge, na nikienda hukuta nywele za ng'ombe zimenasa.

Ile kazi niliimaliza. Maelezo yalitoka bila sentensi yangu, na mawakala wanayatumia. Ni maelezo mazuri, hayana kosa. Sikuacha kazi kwa hasira kama nilivyojiahidi, mkataba uliisha tu. Kwa muda mrefu nilimsimulia kila aliyenivumilia kwamba kibanja chetu kiliuawa na mashine isiyojua kunyamaza. Nililiamini hilo kwa bidii, mimi nisiyeamini mambo mengi, na lilikuwa na mpangilio wa kupendeza: swali, faharasa, jibu lisilohusika, mauti.

Mwaka jana nilikutana na mama mkubwa, mke wa baba mkubwa, hospitalini, sote tumeenda kuwaona wagonjwa. Ni mwanamke mpole, tulikuwa hatujaonana tangu siku ya kuanua msiba. Tulikaa kwenye benchi tukaongea habari za mashamba, kwa kuwa ndizo habari zisizoumiza. Nilimuuliza migomba yao ya Bugomora inaendeleaje. Alisema sasa inaanza kuzaa vizuri, walipanda upya.

"Mlipanda upya? Kwa nini?"

"Si ule unyanjano," alisema. Akanishangaa kidogo, kama mtu anayerudia jambo linalojulikana. "Mzee aliyang'oa mashina yote ya nyuma ya nyumba, akafukia kwa mkono wake mwenyewe, hakutaka hata majirani wamsaidie. Ilikuwa wakati ule baba yako bado amelazwa."